Kuchungulia foleni ya ujumbe bila kuugusa: mwongozo kamili kwa wanaotumia RabbitMQ

Muuguzi akitaka kujua kama wagonjwa wamejaa, hutoka mlangoni akahesabu waliokaa kwenye benchi. Hamwiti mtu ndani, akamtazama, kisha akamwambia rudi ukae. Akifanya hivyo, nafasi ya yule mtu itakuwa imeshakaliwa, daktari atakuwa ameshamwita wa nyuma yake, na kadi yake itakuwa na alama kwamba ameshaingia mara moja. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwenye foleni ya ujumbe, yaani pale programu moja huacha jumbe ili nyingine izichukue kwa zamu, na kwa wiki nzima sikujua kwamba ndiye niliyekuwa nikivuruga.

Ulikuwa mfumo wa malipo ya tiketi. Niliandika skripti iliyochukua jumbe 50 kutoka kwenye foleni kila dakika, ikazihesabu na kuzisoma, kisha ikazirudisha. Nilijiona mwangalifu kwa kuwa nilizirudisha zote. Ila RabbitMQ, seva inayotunza foleni hizo, ujumbe ukishatolewa na kurudishwa, huuwekea alama ya `redelivered`, yaani "huu ulishawahi kumfikia mtu". Programu yetu ya malipo ilikuwa imeandikwa kwa busara: ikikuta alama hiyo, haimkati mteja fedha, huupeleka ujumbe pembeni ili binadamu ahakikishe kwamba hakukatwa tayari. Skripti yangu ikawa inatia alama malipo yasiyo na tatizo lolote, na watu wa uhasibu wakawa wanabaki ofisini jioni wakikagua mmoja mmoja. Foleni haikuwa na hitilafu yoyote. Hitilafu ilikuwa macho yangu.

Tangu hapo nina msimamo mmoja: idadi na mwendo wa foleni huulizwa kwa seva yenyewe, ambayo ina daftari lake. Ujumbe hautolewi ili kuhesabiwa. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya hivyo kwa RabbitMQ, ambayo ndiyo ninayoishika kila siku. Karibu na mwisho nitagusia mifumo mingine: Kafka, SQS na Redis. Programu inayotuma nitaiita mtumaji, na ile inayochukua na kufanyia kazi nitaiita mlaji.

Hatua ya 1: Tengeneza mtumiaji asiye na mikono

Usichunguze foleni kwa akaunti ya msimamizi, wala kwa akaunti ya mlaji. Tengeneza akaunti inayoweza kuona tu, halafu iwe ndiyo pekee iliyomo kwenye skripti na dashibodi zako.

```
rabbitmq-plugins enable rabbitmq_management rabbitmq_prometheus
rabbitmqctl add_user mlinzi 'weka-nenosiri-refu-hapa'
rabbitmqctl set_user_tags mlinzi monitoring
rabbitmqctl set_permissions -p / mlinzi '^$' '^$' '^$'
```

Mstari wa mwisho ndio wenye uzito. Zile alama tatu ni ruhusa za kuunda, kuandika na kusoma, kwa mpangilio huo, na `^$` maana yake ni kwamba hakuna jina lolote linalokubaliwa. Lebo ya `monitoring` inamruhusu mlinzi kuona takwimu, lakini hana ruhusa ya kusoma foleni yoyote. Siku mwenzako akiingia kwa akaunti hii na kubonyeza kitufe cha kuvuta jumbe kwenye ukurasa wa usimamizi, seva itamkatalia. Kinga ya namna hii ni bora kuliko tangazo kwenye kundi la WhatsApp kwamba "tafadhali msiguse".

Hatua ya 2: Uliza kwa amri, kisha soma namba tatu kwa pamoja

Ukiwa ndani ya seva:

```
rabbitmqctl list_queues -p / name messages_ready messages_unacknowledged consumers
```

Tuseme umepata jibu hili:

```
malipo.risiti        1843   0     0
sms.kutuma           12     250   1
tiketi.uthibitisho   0      3     4
```

Safu ya kwanza ya namba ni jumbe zilizo tayari, zinazosubiri kuchukuliwa. Ya pili ni zilizo mkononi: mlaji ameshakabidhiwa lakini hajathibitisha kwamba amemaliza. Ya tatu ni idadi ya walaji waliounganishwa.

Foleni ya risiti inajieleza. Jumbe 1,843 zinasubiri na hakuna mlaji. Programu imezimika, au haikuwashwa baada ya toleo jipya kupandishwa. Ya tiketi ni nzima: walaji wanne, kila kinachoingia kinashughulikiwa.

Sasa tazama ya katikati, kwa sababu hii ndiyo inayodanganya watu. Ukiangalia safu ya kwanza tu utaona 12 na utaenda kulala. Lakini kuna jumbe 250 mkononi mwa mlaji mmoja. Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba `prefetch` yake, yaani kiasi anachoruhusiwa kushika kwa mara moja, imewekwa 250, ameujaza mkono, na amekwama. Labda huduma ya nje ya SMS haijibu na yeye bado anasubiri. Kama `prefetch` haina kikomo kabisa, hali ni mbaya zaidi: mlaji mmoja aliyekwama anaweza kumeza foleni yote, safu ya kwanza ikasoma 0, na kengele yako ikanyamaza huku wateja wakilia.

Kwa kawaida RabbitMQ humvumilia mlaji asiyethibitisha kwa dakika 30. Zikipita, hufunga chaneli yake, yaani njia yake ya kuongea na seva, na jumbe zote alizoshika hurudi kwenye foleni. Kwa hiyo ukiona namba ya jumbe zilizo tayari imepanda ghafla kwa kiasi kilekile ambacho namba ya zilizo mkononi imeshuka, usitafute mtumaji aliyetuma kwa fujo. Tafuta mlaji aliyekwama nusu saa iliyopita.

Hatua ya 3: Uliza kwa mbali, na upate mwendo

Idadi ni picha ya sekunde moja. Unachohitaji zaidi ni mwendo: zinaingia ngapi kwa sekunde, zinakwisha ngapi. Hayo yako kwenye API ya usimamizi, yaani anwani ambayo programu huiuliza seva, mlango (port) 15672.

```
curl -s -n 'http://localhost:15672/api/queues/%2F/sms.kutuma' | jq '{
  tayari: .messages_ready,
  mkononi: .messages_unacknowledged,
  walaji: .consumers,
  zinaingia: .message_stats.publish_details.rate,
  zinakwisha: .message_stats.ack_details.rate
}'
```

Ile `%2F` ni alama ya `/`, jina la `vhost` (sehemu ya seva iliyotengwa) ya kawaida, iliyoandikwa kwa namna anwani inavyotaka; wengi huisahau na kupata jibu kwamba foleni haipo. Nayo `-n` inaifanya `curl` isome nenosiri kutoka kwenye faili la `.netrc`, ili lisibaki kwenye historia ya terminali. Ukiona `null` kwenye mwendo, foleni haijapata shughuli ya kupimwa. Usiichukue kama kosa.

Namba mbili za mwisho zinakupa jibu ambalo bosi atakuuliza: itaisha lini? Jumlisha zilizo tayari na zilizo mkononi, gawanya kwa tofauti ya mwendo. Ukiwa na jumbe 1,800, zinaingia 20 kwa sekunde na zinakwisha 26, unapunguza 6 kila sekunde, kwa hiyo ni sekunde 300, dakika tano. Kama zinaingia 26 na zinakwisha 20, hakuna muda wa kutaja. Ongeza walaji.

Usiulize kila sekunde. Takwimu hizi kwa kawaida husasishwa kila sekunde 5, kwa hiyo ukiharakisha utapata jibu lilelile mara tano. Na kwenye seva yenye maelfu ya foleni, kuomba orodha nzima ya `/api/queues` ni kazi nzito kwa seva yenyewe. Uliza foleni unayoihitaji, kila sekunde 30, inatosha kabisa.

Hatua ya 4: Kama huna ruhusa ya usimamizi

Wapo watengenezaji programu ambao hawapewi mlango 15672, na wana haki ya kujua hali ya foleni yao. Kwao kuna njia ya itifaki yenyewe, ambayo inashangaza kwamba watu wachache huitumia: tangaza foleni kwa hali ya `passive`.

```python
import pika

unganisho = pika.BlockingConnection(pika.ConnectionParameters('localhost'))
chaneli = unganisho.channel()
jibu = chaneli.queue_declare(queue='sms.kutuma', passive=True)
print('tayari:', jibu.method.message_count)
print('walaji:', jibu.method.consumer_count)
unganisho.close()
```

Neno `passive=True` lisikosekane. Likiwapo, seva inajibu tu kama foleni ipo na ina hali gani. Kama haipo, unapata kosa la 404 na chaneli inafungwa. Likikosekana, umeagiza foleni iundwe, na ukikosea herufi moja ya jina utakuwa umezaa foleni mpya tupu ambayo itakujibu 0 milele, nawe ukaamini kwamba mambo ni shwari.

Kumbuka pia kwamba `message_count` hapa ni jumbe zilizo tayari tu. Zilizo mkononi hazimo. Yule mlaji aliyemeza 250 hutamwona kwa njia hii.

Hatua ya 5: Kengele

Hakuna binadamu wa kukaa akitazama skrini usiku kucha. Programu-jalizi ya Prometheus (mfumo wa kukusanya vipimo na kupiga kengele) tuliyoiwasha mwanzoni hutoa vipimo kwenye mlango 15692. Anwani ya `/metrics` hukupa jumla ya foleni zote, na jumla huficha: foleni moja iliyokufa hupotea ndani ya ishirini zilizo hai. Tumia hii:

```
curl -s 'http://localhost:15692/metrics/detailed?vhost=%2F&family=queue_coarse_metrics&family=queue_consumer_count'
```

Mlango huu, kwa mipangilio ya kawaida, hauombi nenosiri. Uache ndani ya mtandao wa ndani tu.

Kwa kengele, mimi huanza na mbili, na kwa mifumo mingi sijahitaji zaidi ya nne:

```yaml
groups:
- name: foleni
  rules:
  - alert: FoleniHainaMlaji
    expr: rabbitmq_detailed_queue_messages_ready > 0 and rabbitmq_detailed_queue_consumers == 0
    for: 2m
  - alert: FoleniInazidiKukua
    expr: deriv(rabbitmq_detailed_queue_messages[10m]) > 0
    for: 15m
```

Ya kwanza inashika mlaji aliyekufa. Ya pili inatumia jumla ya tayari na mkononi, makusudi kabisa, ili imshike hata yule mlaji aliye hai lakini amekwama: yeye hathibitishi, jumbe mpya zinaendelea kuingia, jumla inapanda. Utaona sikuweka kizingiti cha idadi, mfano "zikizidi 1,000". Foleni ya risiti za mwisho wa mwezi inaweza kufika 1,000 kihalali na kuisha baada ya robo saa, ilhali foleni ya uthibitisho wa malipo ikiwa na jumbe 40 zisizosogea ni dharura. Kinachotisha ni foleni isiyoshuka. Kama foleni yako hupanda kwa kawaida muda mrefu zaidi ya robo saa, ongeza dakika kwenye `for`, usiifute kanuni.

Jambo moja ambalo seva haikuambii vizuri ni umri: ujumbe umesubiri muda gani? Mpe mtumaji kazi ya kuweka muhuri wa wakati kwenye kila ujumbe, na mlaji, anapoupokea kwa kazi yake ya kawaida, atoe muhuri huo kwenye wakati wa sasa na kuandika tofauti kwenye kumbukumbu zake. Hakuna aliyechungulia chochote, na umepata kipimo ambacho mteja mwenyewe anakihisi.

Hatua ya 6: Pale ambapo lazima uone kilichomo

Idadi haitoshi siku zote. Kuna siku mlaji anaanguka kila anapofikia ujumbe fulani na unataka kuuona. Hapa ndipo watu hukimbilia kitufe cha kuvuta jumbe kwenye ukurasa wa usimamizi, wakachagua ile hali ya kurudisha, wakidhani ni kutazama tu. Si kutazama. Ujumbe unatoka, unapata alama, na wakati uko nje mlaji anaendelea na ulio nyuma yake, kwa hiyo mpangilio unaweza kuvurugika: kufutwa kwa tiketi kukashughulikiwa kabla ya kukatwa kwake. Na ukichagua hali isiyorudisha kwa bahati mbaya, ujumbe umekwenda.

Kwenye foleni za kworamu, zile ambazo nakala zake hukaa kwenye seva kadhaa, kuna hatari zaidi. Seva huhesabu mara ambazo uwasilishaji wa ujumbe haukufanikiwa, na tangu toleo la 4.0 kuna kikomo cha kawaida cha 20. Ukivuka, ujumbe huondolewa kwenye foleni: huenda kwenye foleni ya jumbe zilizoshindikana kama umeitengeneza, na kama hukuitengeneza hutupwa. Skripti kama ile yangu, inayotoa na kurudisha kila dakika, inaweza, kulingana na namna inavyorudisha, kusukuma malipo ya mtu hadi kwenye kikomo hicho bila mlaji kuyagusa.

Njia salama ni kioo. Kama jumbe zinapita kwenye eksichenji yenye jina, yaani kituo kinachozipokea na kuzigawa kwenye foleni, funga foleni ya pili kwenye eksichenji hiyo hiyo. Itapata nakala, na asili itaendelea kwa mlaji kama kawaida. Hii inafanywa na akaunti yenye ruhusa ya kuunda, si mlinzi.

```python
chaneli.queue_declare(
    queue='kioo.sms', durable=True,
    arguments={
        'x-max-length': 200,
        'x-message-ttl': 600000,
        'x-expires': 3600000,
    })
chaneli.queue_bind(queue='kioo.sms', exchange='arifa', routing_key='sms.#')
```

Vizuizi vile vitatu si mapambo. Kioo kisiposhika zaidi ya jumbe 200, kila nakala ikifutwa baada ya dakika 10, na foleni yenyewe ikijifuta baada ya saa moja bila kutumiwa, hakitajaza kumbukumbu ya seva. Nimeona kioo kilichosahauliwa wikendi nzima kikiwasha tahadhari ya kumbukumbu, na tahadhari hiyo ikiwaka RabbitMQ huwazuia watumaji wote. Kitu ulichoweka ili kuchunguza ndicho kinachosimamisha biashara.

Kioo huona jumbe mpya tu, zilizoingia baada ya kufungwa. Na kama mtumaji anatuma moja kwa moja kwa jina la foleni kupitia eksichenji ya kawaida isiyo na jina, hakiwezekani. Huwezi kufunga foleni ya ziada pale. Ndiyo maana nawashauri watengenezaji watume kwenye eksichenji yenye jina tangu siku ya kwanza, hata kama leo kuna foleni moja tu. Ipo pia `rabbitmqctl trace_on`, inayonakili kila kinachopita kwenye `vhost`. Ni nzito, iwashe kwa dakika chache, izime.

Kwa ujumbe wa zamani uliokwama mbele ya foleni, kwa kweli hakuna kioo. Simamisha walaji, utoe mara moja, usome, uurudishe, ukijua kwamba utakuwa na alama na umewaarifu wenzako. Kama unatarajia kuhitaji kusoma ya nyuma mara kwa mara, foleni ya aina ya `stream`, iliyoingia toleo la 3.9, husomwa mara nyingi upendavyo bila kitu kutoka.

Kabla hujafungua kioo chochote, jiulize kama unahitaji kweli. Ndani ya zile jumbe kuna namba za simu, majina na kiasi cha fedha cha watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019, na hata kama zisingekuwapo, mteja hakukupa namba yake ili uisome kwenye terminali. Mara nyingi vichwa vya ujumbe na kitambulisho chake vinatosha.

Kama si RabbitMQ

Kafka ni habari nyingine, kwa kuwa kusoma hakuondoi kitu. Kila kundi la walaji lina alama yake ya mahali lilipofika. Unachotazama ni umbali kati ya alama hiyo na mwisho wa logi, safu ya LAG:

```
kafka-consumer-groups.sh --bootstrap-server localhost:9092 --describe --group malipo
```

Hatari ya huko ni moja: usisome kwa jina la kundi la uzalishaji, yaani la mfumo halisi unaohudumia wateja. Ukiingia na jina la `malipo`, utagawiwa sehemu ya kazi yao na jumbe zitakujia wewe badala yao.

SQS ya Amazon inafanana zaidi na RabbitMQ. Tazama `ApproximateNumberOfMessages`, `ApproximateNumberOfMessagesNotVisible` na, iliyo bora kuliko zote, `ApproximateAgeOfOldestMessage` ndani ya CloudWatch, huduma ya vipimo ya Amazon. Kupokea ujumbe ili kuutazama huuficha kwa walaji, kwa kawaida sekunde 30, na huongeza hesabu ya kupokelewa. Ukiweka kikomo kidogo cha hesabu hiyo, utaupeleka mwenyewe kwenye foleni ya zilizoshindikana. Redis: `LLEN` na `LRANGE` hutazama, `LPOP` na `BRPOP` huchukua. Kwa mikondo ya Redis, `XLEN`, `XRANGE` na `XINFO GROUPS` ni salama, `XREADGROUP` si salama.

Hatua ya 7: Jaribu kengele kabla ya kuiamini

Fanya hivi kwenye mazingira ya majaribio, kwa foleni yenye mipangilio ileile ya uzalishaji. Zima mlaji. Tuma jumbe kumi. Amri ya hatua ya 2 ikupe 10, 0, 0. Subiri dakika mbili na kidogo. Simu ya aliye zamu lazima ilie, na kama haikulia, rekebisha sasa, mchana, ukiwa na chai mezani. Acha skripti na dashibodi zako zote ziendelee kuuliza kwa dakika kumi nyingine. Kisha washa mlaji, akiwa ameagizwa kuandika thamani ya `redelivered` kwa kila ujumbe anaopokea. Unatafuta mistari kumi, na yote isome `False`.